Presha ya Tabo Iliyowekwa Dar, Pistoni Iliyopasuka Manyoni: Uchambuzi wa Kisa cha Forester Moja

Mwishoni mwa Oktoba, wakati Dodoma ina joto kali na mvua bado hazijaanza, brekdauni ilishusha gerejini kwetu Kizota gari aina ya Subaru Forester lenye umbo la SG5 na injini ya EJ205 yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kushindilia hewa ndani ya silinda. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, silinda nne zilizolala ubavu, na katika umbo hilo ilitoka Japani ikiwa na nguvu za farasi 220. Mwenye gari ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam miaka miwili kabla ya tukio hili. Alikuwa akienda Singida, amepita Bahi bila tatizo lolote, na gari lilimfia akiwa anapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni.

"Shikamoo fundi," alinisalimu, akiwa bado na vumbi la safari.

"Marahaba, kijana wangu. Gari limefanya nini?"

"Lilikuwa linapanda vizuri tu, mzee. Nilikuwa nyuma ya lori la mizigo kwa muda mrefu, nikapata nafasi ya kulipita, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Nilipomaliza kulipita likaanza kutetemeka, na nyuma ulikuwa moshi mtupu."

Maelezo hayo mafupi yalibeba karibu kisa chote, ingawa siku ile nilikuwa bado sijajua. Nimeamua kukiandika kwa ukamilifu kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na vijana wenye magari ya tabo ni hili: injini ambayo haijafunguliwa inaweza kubeba presha kiasi gani kwa usalama? Wanaouliza hutaka nambari moja. Gari hili linaonyesha ni kwa nini nambari moja haitoshi, na ni kwa nini nambari iliyokuwa ikivumilika Dar es Salaam ilivunja pistoni huku kwetu.

Nilipofungua boneti, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dipstiki. Ilikuwa imechomoka kwenye bomba lake na kulala juu ya waya, na oili ilikuwa imetapakaa upande wote wa kushoto wa injini. Dipstiki haichomoki yenyewe. Inapochomoka, maana yake gesi ya uchomaji inapenya pembeni ya pistoni na kuingia sehemu ya chini ya injini kwa wingi kuliko mipira ya kupumulia inavyoweza kuitoa. Jambo la pili lilikuwa kivalvu kidogo cha shaba chenye skrubu ya kuzungusha kwa mkono, kimeunganishwa kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye westigeti, yaani mlango unaopunguza moshi unaoizungusha tabo ili presha isizidi; kivalvu hicho huuchelewesha kufunguka. Jambo la tatu nililiona baadaye kidogo: waya wa sensa ya presha ulikuwa umekatwa, na katikati yake pameunganishwa kidude cha kielektroniki kilichofungwa kwa utepe mweusi.

Nikapima mgandamizo silinda kwa silinda, injini ikiwa na joto na betri ikiwa imejaa. Silinda ya kwanza ilisoma bar 9.2, ya pili 9.0, ya tatu 9.3. Ya nne ilisoma 5.4. (Kwa wasiozoea kipimo hiki, bar 1 ni takriban psi 14.5, ile ile psi tunayoitumia kujazia upepo matairi.) Mafundi wengi hapo humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena, ili kujua kama tatizo ni ringi au ni valvu, lakini katika injini iliyolala ubavu jaribio hilo hupotosha, kwa kuwa oili hukusanyika upande mmoja wa silinda na haizunguki ringi yote. Badala yake nilisukuma hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ya nne, pistoni ikiwa juu kabisa, kisha nikasikiliza. Kwenye ekzosi palikuwa kimya, na kwenye njia ya kuingizia hewa kimya vilevile. Nilipofungua kifuniko cha kujazia oili, hewa ilitoka kwa mvumo kama wa tairi lililotobolewa. Valvu zilikuwa nzima. Hewa ilikuwa inapita kwenye pistoni.

Tulishusha injini siku iliyofuata. Pistoni ya nne ilikuwa imevunjika ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ringi ya pili, kipande chenye urefu wa karibu sentimita mbili, na ncha zake zilikuwa zimeanza kuchora mistari kwenye silinda. Juu ya pistoni, kwenye ukingo, palikuwa na vitundu vidogo vidogo mfano wa sufuria ya aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Kwenye plagi, juu ya ile sehemu nyeupe ya kauri, palikuwa na chembe ndogo sana zinazong'aa. Nilimwita mwenye gari azitazame kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu hilo ni jambo ambalo maneno hayalifikishi: zile chembe ni aluminiamu ya pistoni yake mwenyewe, iliyong'oka na kurukia plagi.

Pistoni ya pili ilikuwa na vitundu vichache vya aina hiyo hiyo. Ya kwanza na ya tatu zilikuwa safi.

Lugha ya gereji zetu inaficha jambo hapa. Tunaposema "injini imenoki", wengi tunamaanisha beringi za kranki zimekwisha na injini inagonga kama nyundo. Kilichoivunja pistoni hii ni kitu kingine kabisa, ingawa Wazungu hukiita kwa neno hilo hilo. Katika uchomaji wa kawaida, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko sehemu moja, na moto husambaa kama moto wa nyika, haraka lakini kwa mpangilio, mpaka mwisho wa chumba. Mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hubanwa na kupashwa joto na ule unaoungua. Ukibanwa na kupashwa kupita kiasi, hautangoji moto uufikie. Wote huwaka kwa pamoja, papo hapo. Nitauita mlipuko wa ghafla. Presha ya kawaida ya bar 70 juu ya pistoni ya milimita 92 ni sawa na uzito wa karibu tani 4.7, na injini imeumbwa kuibeba. Mlipuko wa ghafla huongeza juu yake pigo kali, la muda mfupi mno, kwenye ukingo ambao pistoni ni nyembamba. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, si za kufuliwa, na aluminiamu ya kumimina haipindi kabla ya kuvunjika.

Basi swali likawa: nini kilisababisha mlipuko huo?

Mwenye gari alikuwa na jibu lake tayari. Alikuwa amejaza mafuta njiani na aliamini aliuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Sikulipuuza wazo hilo. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana (oktani ni kipimo cha mafuta kuvumilia kubanwa bila kulipuka), na tatizo la uchakachuaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini vitundu vya pistoni ya pili na ya nne havikuwa vya siku moja. Vingine vilikuwa vimefunikwa na kaboni, na kaboni hiyo ilikuwa na tabaka. Ni majeraha ya miezi. Petroli ya siku ile ingeweza kuwa tone la mwisho, ila chungu kilikuwa kimeshajaa.

Nilimwomba anisimulie historia ya kile kivalvu cha shaba, na hapo ndipo kisa kilipofunguka. Akiwa bado Dar es Salaam alikwenda kwa fundi ambaye kwa miaka mingi alitengeneza malori na Land Cruiser za dizeli. Fundi yule aliweka kivalvu, akaweka geji ya presha kwenye dashibodi, akazungusha skrubu mpaka sindano ikafika bar 1.1. Gari likawa linakata mafuta ghafla linapofika presha hiyo, kama mtu aliyebanwa pumzi, na fundi akaweka kile kidude kwenye waya wa sensa ili kompyuta isijue presha halisi. Tangu hapo gari lilikimbia vizuri. Alipohamia Dodoma akaona limekuwa zito, akazungusha skrubu yeye mwenyewe. Alinionyesha video iliyopigwa na mdogo wake kwa simu kwenye barabara ya Iringa, na nikaisimamisha mahali ambapo sindano ilikuwa juu ya bar 1.25.

Simlaumu fundi yule kwa ubaya wa nia. Alitumia elimu iliyomfaa maisha yake yote, lakini kwenye injini isiyo yake. Katika dizeli, hewa huingia peke yake na mafuta hupulizwa mwishoni, kwa hiyo hakuna mchanganyiko unaosubiri kulipuka kabla ya wakati. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, moshi hupungua na joto la ekzosi hushuka. Fundi wa dizeli hujifunza kwa mikono yake kwamba hewa zaidi ni salama, na hatari inatoka kwenye mafuta zaidi. Kwenye petroli mambo yamegeuka. Hewa zaidi ndiyo hatari, na petroli ya ziada ni sehemu ya kinga, kwa kuwa inapogeuka mvuke hupoza chumba.

Urefu wa Dodoma na maana ya sindano

Naomba msomaji anivumilie kwenye sehemu hii, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa.

Geji ya presha ya tabo haisomi presha yote iliyo ndani ya injini. Inasoma ile inayozidi presha ya hewa ya nje. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje yenyewe ina bar 1.01. Dodoma mjini, kwenye mita zipatazo 1,120, hewa ya nje ina takriban bar 0.89, yaani pungufu kwa karibu asilimia 12. Kwa hiyo sindano ikionyesha bar 1.1 Dar, ndani ya injini kuna bar 2.11. Sindano hiyo hiyo ikionyesha 1.1 Dodoma, ndani kuna bar 1.99. Mwenye gari hakukosea alipohisi gari limekuwa zito. Lilikuwa limepoteza sehemu ya hewa yake, na alipozungusha skrubu mpaka 1.25 alirudisha ndani ya injini bar 2.14, karibu sawasawa na ile ya Dar.

Mpaka hapo mtu anaweza kudai kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kazi ya tabo. Ili kufikisha bar 2.11 ikianzia 1.01, tabo huzidisha presha ya hewa mara 2.1. Ili kufikisha 2.14 ikianzia 0.89, inaizidisha mara 2.4. Hewa inayobanwa hupata joto, na joto hilo hufuata kiasi cha kuzidisha, halifuati sindano. Nilipiga hesabu kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, na hewa ya nje ya nyuzi 30 kwa Dar na 32 kwa Dodoma. Hewa inayotoka kwenye tabo Dar ingekuwa na nyuzi 130 hivi. Dodoma ingefika nyuzi 155. Na hesabu hiyo inaipendelea tabo, kwa kuwa tabo ndogo kama ya Forester ikisukumwa hivyo hutoka kwenye eneo lake la ufanisi, na kila asilimia inayopotea hugeuka kuwa joto zaidi. Ongeza filta ya hewa iliyojaa vumbi letu jekundu, ambayo hupunguza presha mdomoni mwa tabo kabla haijaanza kazi. Filta ya gari hili ilikuwa na rangi ya tofali.

Ukiitazama faida, inasikitisha jinsi ilivyo ndogo. Kutoka bar 0.8, karibu na ile ya kiwandani, hadi 1.25 kwenye geji, hapa Dodoma, presha halisi ndani ya injini huongezeka kwa asilimia 27. Lakini hewa ikitoka kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya tabo na injini, ikiwa na nyuzi 75 badala ya 50, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda huongezeka kwa asilimia 18 tu. Tofauti iliyobaki ni joto, na joto ndilo linaloleta mlipuko wa ghafla.

Kiwanda kilikuwa kimelifikiria jambo hili. Kompyuta ya gari hili ina jedwali linalopunguza presha lengwa kadiri hewa ya nje inavyopungua. Gari likipanda kutoka pwani kuja bara, kompyuta huikubali hasara ndogo ya nguvu ili kuilinda tabo na pistoni. Kivalvu cha mkono kiliondoa kinga hiyo, kidude cha kwenye waya kikaondoa kinga ya pili, ile ya kukata mafuta, na injini ikabaki na kinga moja tu: sensa ya noki, ambayo husikiliza mlipuko na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Sensa hiyo ni nzuri, lakini husikia baada ya pigo kutokea. Haina namna ya kulizuia pigo la kwanza.

Lipo jambo jingine kuhusu gari hili ambalo wengi hawalijui. Kipimajoto cha hewa ambacho kompyuta hukitegemea kimo ndani ya sensa ya hewa, karibu na boksi la filta, yaani kabla ya tabo. Kompyuta inaweza kuwa inasoma nyuzi 34 wakati hewa inayoingia kwenye silinda ina nyuzi 80, na itaweka cheche kwa hesabu ya nyuzi 34. Katika presha ya kiwandani tofauti hiyo imeshazingatiwa kwenye majedwali. Ukiongeza presha, majedwali yanakuwa yanazungumzia gari lingine.

Sasa turudi kwenye lile lori. Intakula ya Forester imelala juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Gari likitembea kilomita 30 kwa saa nyuma ya lori kwenye mwinuko, upepo wa tunduni haupo, na joto la injini linapanda kutoka chini na kuipika intakula. Baada ya matengenezo nilifunga kipimajoto kwenye bomba linalotoka kwenye intakula, nikaenda mlima ule ule nyuma ya lori: baada ya dakika nane hewa ilifika nyuzi 78, na nilipopata barabara wazi ilichukua karibu dakika nzima ya mwendo wa kilomita 80 kushuka chini ya 50. Mwenye gari hakuisubiri dakika hiyo. Alikanyaga mafuta yote intakula ikiwa imeiva, kwenye gia ya chini, na sindano ikapanda mpaka mwisho.

Upande wa mafuta nao haukuwa na uwezo. Regyuleta ya gari hili huweka petroli bar 3 juu ya presha iliyo ndani ya njia ya hewa. Tabo ikisukuma 1.25, pampu inatakiwa ishikilie bar 4.25, na pampu yoyote hutoa mafuta kidogo zaidi kadiri presha inavyopanda. Niliipima ile ya zamani kwa dakika moja kwenye bar 3, kisha kwenye 4.2, na kiasi kilichoingia kwenye chombo kilipungua kwa karibu theluthi. Ilikuwa imechoka, na kwa presha ya kiwandani uchovu huo usingeonekana kwa miaka mingine kadhaa.

Halafu kuna petroli yenyewe, hata ikiwa safi kabisa. Magari haya ya tabo yaliyouzwa Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Kiwango cha Japani hutaka daraja hilo lisipungue oktani 96, na linalouzwa vituoni huko hukaribia 100. Sisi hujaza inayopatikana kwenye pampu. Kwa maana hiyo gari lililotoka bandarini moja kwa moja, bila kuguswa, linaweza kuwa limeshakula sehemu ya akiba ya usalama ambayo wahandisi wake waliiacha.

Nilichomwambia kuhusu kiwango

Baada ya kuona pistoni, aliniuliza swali lile la siku zote. "Sasa mzee, nikitengeneza, niweke ngapi?"

Nilimjibu kwamba kwa injini yake, kwa petroli yetu, kwa urefu huu, bila kurekebisha chochote kingine, jibu ni ile ya kiwandani, na kompyuta ndiyo iamue, mkono wake usiiguse. Akitaka zaidi, anaweza kwenda juu ya kiwango cha kiwandani kwa bar 0.1, au 0.15 kwa kukaza sana, baada ya kuweka pampu mpya, kurekebishiwa majedwali ya mafuta na cheche, na kupimwa barabarani kwa kifaa kinachosoma uwiano wa hewa na petroli. Uwiano huo tabo ikifanya kazi kwa nguvu zote nautaka kati ya 11 na 11.8 za hewa kwa 1 ya petroli, ukiona 12.5, yaani petroli imepungua, na sindano iko juu, ondoa mguu. Na presha isishikiliwe juu mpaka mwisho wa mizunguko. Ifike kileleni kwenye mizunguko 3,000 au 3,500 kwa dakika kisha iteremke polepole, kwa sababu tabo ndogo ikilazimishwa kushikilia presha kwenye mizunguko 6,000 inatengeneza joto zaidi kuliko hewa.

Kwa anayetaka kuhamisha nambari ya pwani kuja huku, hesabu ni hii: kazi ambayo tabo huifanya Dar ikisoma bar 1.0 ni sawa na inayoifanya Dodoma ikisoma 0.88, na ya 0.8 huko ni 0.70 hapa. Nguvu itapungua. Hiyo ndiyo gharama ya kuishi kwenye nyanda za juu, na injini isiyo na tabo hupoteza kiasi hicho hicho bila mtu kulalamika.

Wapo pia wanaouliza kuhusu kufunga tabo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo. Injini hizo huwa na mgandamizo mkubwa, wa 10 kwa 1 au zaidi. Mwaka 1962, Oldsmobile ya Marekani iliuza gari lililoitwa Jetfire, lenye tabo kwenye injini ya mgandamizo wa 10.25 kwa 1, na presha yake haikuzidi psi 5, yaani kama bar 0.35. Hata kwa kiasi hicho kidogo walilazimika kuweka tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuupoza mchanganyiko na kuzuia mlipuko wa ghafla. Anayetaka kuvuka kiwango hicho na injini yake ya kawaida aanze kwa kufikiria kwa nini kiwanda kikubwa namna ile kiliona tangi lile ni la lazima.

Matengenezo

Mwenye gari alifikiria kuagiza injini nyingine ya mtumba kutoka Dar. Nilimshauri asifanye hivyo kabla hatujapima silinda zake, na tulipozipima tukakuta mikwaruzo ya silinda ya nne ni ya juu juu. Tukazisugua silinda zote upya, tukaweka pistoni nne mpya na ringi zake, beringi mpya za kranki, gasketi za hedi, pampu mpya ya petroli, plagi za daraja lile lile la kiwandani na filta ya hewa mpya. Tabo tuliifungua na kuisafisha. Shafti yake ilikuwa na mchezo unaovumilika. Njia zote za oili tuliziosha mara mbili, kwa sababu kipande kile cha pistoni kilikuwa kimesagika na unga wake ulikuwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kivalvu cha shaba tulikitoa na kurudisha mpira wa westigeti kwenye solenoidi ya kiwandani, ile valvu inayoongozwa na kompyuta. Waya wa sensa niliulehemu mwenyewe. Mipira yote midogo ya presha ilibadilishwa, kwa kuwa miwili ilikuwa imepasuka kwa jua na ingeweza kupandisha presha bila mtu kujua. Mpira wa westigeti ukitoboka, westigeti haifunguki kwa wakati, na injini inapata presha ambayo hakuna aliyeiomba. Nawasihi wenye magari ya tabo ya umri huu, hata wasiotaka kuongeza chochote, wabadilishe mipira hiyo. Ni spea ndogo sana ukilinganisha na pistoni.

Baada ya kilomita 1,500 za kulainisha ringi, na oili kubadilishwa mara mbili ndani ya umbali huo, tulikwenda wote wawili barabara ya Manyoni, yeye akiendesha nami nikiwa na kompyuta mpakato iliyounganishwa kwenye gari. Kwenye tambarare kabla ya Bahi sindano ilifika bar 0.77 kwenye mizunguko 3,200 na kuteremka hadi 0.68 kwenye mizunguko 6,000. Uwiano wa petroli ulikaa kwenye 11.3. Sensa ya noki haikuichelewesha cheche hata kidogo.

Kwenye mwinuko tulikuta lori la saruji. Alitembea nyuma yake bila papara, na njia ilipofunguka hakukanyaga mara moja. Aliliacha gari lijivute kwa gia ya tatu, nusu ya mafuta, mpaka kipimajoto kikashuka chini ya 55, ndipo akalipita. Sindano ilionyesha 0.74. Manyoni tulisimama, akafungua boneti mwenyewe, akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha kupima. Oili ilikuwa kwenye alama ile ile tuliyoondoka nayo Kizota.